Kamba ya Mheshimiwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, cucu, nyanya yangu, aliniambia nimemaliza mtoto wa tata, dada ya mamangu. Hakupiga kelele. Alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya. "Ni kamba yako, Ciru," alisema, "wewe na hiyo mbuzi yako." Halafu akanisukumia bakuli la maganda nikampe mbuzi mwenyewe. Nikampelekea. Siku hiyo sikumchukia mtu mzima yeyote, nilijichukia mimi. Watu wazima nimeanza kuwachukia mwaka jana tu, nikiwa na miaka ishirini na sita na digrii ya Biochemistry iliyolala ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, haijawahi kutoka humo ila kupigwa photocopy.

Nitaeleza polepole, kwa sababu nikiharakisha nitaanza kutukana.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mamangu alikuwa amepanga chumba kimoja Kiganjo, na kila shule zikifungwa alinipeleka Gatuanyaga kwa cucu, mama yake, ili nisishinde nikizurura kwa ploti. Gatuanyaga ni kukavu. Vumbi la kule linaingia mpaka kwa uji. Kazi yangu ilikuwa moja: kumtoa beberu wa cucu asubuhi, kumfunga mahali penye nyasi, kumhamisha saa sita. Tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikula cha kila mtu halafu akaangalia kando kama hajaulizwa kitu.

Tata Njoki, dada mdogo wa mamangu, alikuja wiki ya pili kutoka Ruiru, alikokuwa ameolewa. Alikuja na begi moja na mfuko wa odowa, yale mawe laini ambayo akina mama wajawazito hununua sokoni na kutafuna kama biskuti. Alikuwa anatapika nyuma ya ghala kila asubuhi. Rasmi, tata alikuwa "anapumzika". Kwa cucu mimba changa haikutajwa, hata ndani ya nyumba, hata kwa kunong'ona, mpaka ionekane yenyewe. Mtu akiitaja mapema ni kama kuiita itoke. Kwa hivyo sote watatu tuliishi na hiyo siri ambayo kila mmoja aliijua, tukiulizana kama chai iko na sukari.

Na cucu hakuwa mtu wa ovyo, niwaambie hivyo mapema. Alikuwa mama wa kanisa, kitambaa cheupe kila Alhamisi, alisoma Biblia yake ya Kikuyu na miwani aliyoifunga mguu mmoja kwa uzi. Alikuwa anajua bei ya maharagwe ya soko tatu kichwani. Ungemwuliza kuhusu uchawi angekufukuza na mwiko. Lakini kamba ilikuwa kitu kingine. Kamba haikuwa uchawi kwake, ilikuwa kama kujua moto unachoma.

Sheria ilikuwa hivi. Mwanamke mwenye mimba changa haruki kamba iliyofungiwa mnyama. Akiiruka, basi kila mnyama akivuta kule, kitu kinavutwa ndani yake huku, mpaka king'oke. Na kama ameruka, kuna dawa: arudi aruke tena kamba ile ile, mahali pale pale, akitokea upande wa pili, miguu mitupu, bila kusema neno. Mahali pale pale. Shikeni hapo.

Jumatatu moja asubuhi nilimkuta tata amesimama mlangoni mwa choo, leso ameikusanya mbele kwa mikono miwili.

"Ciru," aliniambia, "niitie mama. Usikimbie. Tembea tu, umwite."

Nilikimbia.

Cucu alikuja, akaangalia leso, akamshika mkono akamlaza kwa kitanda chake mwenyewe, kile cha karibu na dirisha. Nilidhani atasema twende hospitali. Thika iko pale, jamani. Kutoka kwa lango la cucu ulikuwa unaona moshi wa viwanda asubuhi kukiwa na baridi. Lakini cucu alivuta kiti, akakaa, akauliza:

"Umeruka nini?"

"Mama, sijaruka kitu. Damu ni nyingi."

"Kuna kitu umeruka. Hii haiji tu hivi."

"Sijaruka, mama. Nipelekwe kwa daktari."

"Utapelekwa. Lakini tukienda na kitu bado kinavuta, daktari atashika nini? Niambie umeruka nini. Jembe? Mtoto amelala? Kamba?"

Tata alifunga macho. Alipoyafungua aliangalia dirishani. Halafu akasema, "Kamba. Kamba ya mbuzi."

Cucu akageuka. Nilikuwa mlangoni, na naapa mpaka leo naona ile miwani yake ikinitafuta. "Jana ulimfunga wapi?"

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtoto. Jumapili nilikuwa nimemfunga Mheshimiwa kando ya kunde za jirani yetu, Mama Mutua, mahali nilipokatazwa kabisa, kwa sababu mwezi huo tayari alikuwa amemaliza mistari miwili na Mama Mutua alikuwa amekuja kutuonyesha mabua. Pale kulikuwa na njia ya mkato ya kwenda kwa bomba la maji. Kama tata aliruka kamba, basi ni pale. Lakini nikisema pale, ni fimbo. Nilikuwa na miaka tisa, akili yangu yote ilikuwa kwa fimbo.

"Pale kwa mikonge," nikasema. Upande wa pili wa shamba kabisa.

Basi tukaenda kwa mikonge. Nataka muione hiyo picha kwa sababu nimeiona peke yangu miaka kumi na saba, na nimechoka nayo. Mbele cucu, anamvuta Mheshimiwa. Katikati tata, miguu mitupu kwa ule mchanga wa moto, leso nyingine juu ya ile ya kwanza, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nyuma mimi. Tulipofika, nikaonyesha kigingi ambacho hakikuwahi kuwa hapo. Cucu akamfunga mbuzi, lakini mbuzi akakataa kwenda mbali, kamba ikalala chini imelegea, na cucu akasema ikilegea haifanyi kazi. Nikatumwa nikalete majani ya mahindi. Nikasimama mbali nikimwonyesha Mheshimiwa majani, "kuja, kuja," mpaka akavuta na kamba ikakaza. Tata akainua mguu mmoja. Akasimama. Akainua ule mwingine. Damu ilikuwa imefika kwa kifundo cha mguu.

Hakusema neno. Alifuata sheria yote. Mahali tu ndipo palikuwa si penyewe, na hapa duniani waliojua hivyo ni mimi na mbuzi.

Akarudishwa kulala. Cucu alimpa uji, akaomba, kwa kweli aliomba vizuri sana, mpaka akalia. Mchana ule damu ikapungua kidogo na cucu akaniangalia kama kusema, unaona? Mimi sikuona kitu. Mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kwa mikonge mpaka kwa kunde, nikijiuliza kama nusu shamba ni mbali sana kwa Mungu.

Jumanne saa nne asubuhi tata alianguka jikoni akiwa ameshika sufuria. Mama Mutua alisikia mlio, akapita katikati ya ua, miiba na yote.

"Mama Njoki, huyu mtoto ni mweupe hivi tangu lini?"

"Anapumzika," cucu alisema.

"Anapumzika? Anakufa! Wewe msichana, kimbia barabarani usimamishe pikipiki. Kimbia!"

Nilirudi na kijana wa nduthi. Alimwangalia tata, akaangalia kiti chake, akauliza, "Shosh, ana nini?"

"Malaria," cucu akasema.

Malaria! Leso tatu zimelowa na cucu anasema malaria, kwa sababu mimba changa haitajwi. Yule kijana hakuwa mjinga. Alivua jaketi yake akaitandika kwa kiti, akamwambia Mama Mutua apande nyuma amshikilie, na akaondoka na hiyo malaria mbio mpaka Thika.

Mtoto hakupatikana. Tata alipatikana kwa bahati. Walimsafisha, wakamwongeza damu, na daktari mmoja akamwuliza Mama Mutua, si cucu, kwa nini mmekaa naye siku mbili. Mama Mutua aliporudi alilisema hilo kwa sauti, pale uani, na cucu akaingia ndani kuchukua viazi. Ndipo aliponiambia ni kamba yangu. Hakujua hata nusu. Hakujua kwamba kwa hesabu yake mwenyewe nilikuwa nimeua mara mbili: mara ya kwanza kwa kumfunga mbuzi njiani, mara ya pili kwa kuficha dawa.

Sikumwambia mtu. Nilirudi Kiganjo shule zikifunguliwa, na wasichana wa ploti wakanipanga kwa zamu ya kuruka kamba kama kawaida. Nikasema mguu unauma. Mguu uliuma mpaka darasa la nane. Nilikuwa nafungua kamba za watu za kuanika nguo zikiwa chini sana, nikichapwa na akina mama wa ploti, wakisema huyu wa mama Ciru ana kitu kichwani. Nilikuwa nacho.

Halafu sasa campus. Second year, lecturer anatuonyesha chromosomes kwa projector, anasema mimba nyingi zinazotoka mapema zilikuwa na makosa tangu siku ya kwanza, hesabu ya chromosomes haikukaa sawa, mwili ukaachilia. Niliandika hiyo notes kwa biro ya kijani. Iliulizwa kwa CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula, nikapata yote. Na bado, wallahi, nilitoka lecture hall nikipita kando ya kamba ya hema fulani badala ya kuiruka, na hata sikuwa na mimba. Hiyo ndiyo elimu mliyotuuzia. Inaingia kwa karatasi. Pale kwa mikonge haikuwahi kufika.

Mwaka jana ikawa zamu yangu.

Tunakaa Gitothua, mimi na mume wangu Kevo, ghorofa ya tatu. Nilikuwa wiki ya tisa. Asubuhi, nikiwa nimevaa tayari kwenda interview ambayo ilikuwa ya kazi ya kujibu simu, niliona doa, rangi kama ya maji ya nyanya. Sikuuliza mtu nimeruka nini. Nilienda hospitali na zile nguo za interview. Nesi aliyenipokea, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliniambia nimefanya vizuri kuja mara moja, kwamba kuna damu inatoka na mimba inaendelea, na kuna inayotoka mimba ikiwa imeisha, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. "Mkikaa nyumbani mnabahatisha," alisema. Akaniuliza kama nina maumivu, kama nasikia kizunguzungu, pedi ngapi. Nikafanyiwa scan.

Hakukuwa na mapigo ya moyo. Kijusi kilikuwa kidogo kuliko wiki zake. Kiliacha kukua kabla hata sijaona hilo doa. Waliniambia nirudi wiki iliyofuata wahakikishe, nikarudi, ikawa ni hivyo.

Siku hiyo ya pili yule nesi alinishika bega, akasema, "Hakuna kitu ulifanya. Umenisikia? Si kitu ulibeba, si kitu ulikula, si kazi, si stress. Haikuwa imeshika vizuri tangu mwanzo."

Nilitaka kubishana naye. Mimi, na biro yangu ya kijani.

Jioni hiyo mama mkwe akapiga simu. Ni mama mzuri, ananitumia mboga, si adui. Alisema pole mara tatu. Halafu akasema, "Lakini Ciru, kwani ulibeba nini?"

"Mum, nesi amesema hakuna kitu."

"Hao husema hivyo. Fikiria vizuri. Si maji ya hapo hupanda nayo kwa ngazi? Au hizo CV, kutembea juani kutwa? Lazima kuna kitu ulifanya."

Na mimi, jamani, nikafikiria. Nilikaa na simu kwa sikio na nikaanza kutafuta. Mtungi wa Jumamosi. Hapana, ulikuwa nusu. Ile dawa ya mafua. Ile siku niliruka mtaro pale stage. Nilikuwa natafuta kitu cha kumpa ndio akate simu nikalale. Nilifungua mdomo kusema mtungi. Nikasikia harufu ya mchanga wa Gatuanyaga kama nimesimama hapo. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Jumamosi nikaenda kwa Tata Njoki. Siku hizi anakaa Kiganjo, ana cherehani mbili na vijana wawili wakubwa kuliko mlango, anashona uniform za shule. Nilimkuta anapiga pasi kola. Nilimwambia yangu ya hospitali, akazima pasi. Halafu nikamwambia ile nyingine. Mikonge. Kunde. Kigingi cha uongo. Nilisema yote nikiangalia rundo la masweta ya kijani, nikamaliza kwa kusema, "Nilikuonyesha mahali si penyewe, tata. Ulirukia mahali si penyewe."

Nikainua kichwa.

"Ciru," alisema, "kamba gani?"

"Ya Mheshimiwa."

"Sijawahi kuruka kamba ya hiyo mbuzi. Nilikuwa naiogopa, si ilikuwa inapiga watu? Nilikuwa nazungukia mbali."

"Lakini ulisema."

"Mama aliuliza nimeruka nini. Akauliza tena, akauliza tena. Nikaona hatanipeleka popote bila jibu. Nilikuwa nimelalia upande wa dirisha, nikafungua macho, nikamwona huyo mbuzi. Nikasema kamba. Kama ningeona jembe ningesema jembe." Akashika sweta moja, akaikunja, akaikunjua. "Nilidhani nikikubali tutaenda. Sikujua kuna kutembezwa."

Nilicheka. Kicheko kibaya, mwanawe mmoja akachungulia akatoka. Miaka kumi na saba. Nimelala na kamba ambayo haikurukwa na mtu, kwa mahali ambapo hakuna kilichofanyika, na sisi watatu kila mmoja alikuwa na uongo wake: wa tata wa kumaliza maswali, wangu wa kukwepa fimbo, wa cucu wa malaria. Wa cucu peke yake ndio ungeua mtu.

"Na ulijua aliniambia ni mimi?" nikamwuliza.

"Sikujua."

"Tata."

Akaangalia cherehani. "Nilijua. Mamako aliniambia, miaka mingi baadaye. Ciru, sitakudanganya. Nilisikia kama nimetuliwa mzigo. Kwamba wanasema ni mbuzi na mtoto, hawasemi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama mkwe alikuwa ameanza kuniangalia tumbo kama mtu anayeangalia mita ya stima."

Nilikasirika, msidhani nilimkumbatia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na alikaa akayameza yote. Halafu akaanza, "Unajua hata mama mwenyewe, kabla ya kuzaa mamako, alikuwa ameulizwa hivyo hivyo mara..."

"Tata, usinipe hiyo leo," nikamwambia. "Leo acha niwe na hasira."

Akawasha pasi. Baadaye akanitengenezea chai, na tukainywa bila kuulizana kama iko na sukari.

Nimefikiria sana tangu hapo. Muda ninao, kazi sina. Mtoto wa tata labda hangekaa hata kama wangemkimbiza Thika dakika ile ile, na wa kwangu hakukaa ingawa nilikimbia. Hilo nimelikubali, lecturer alikuwa sahihi. Lakini tata angekufa, na hangeuawa na mimba. Angeuawa na kiti kilichovutwa kando ya kitanda. Siku mbili za kutafuta amefanya nini, wakati barabara iko hapo na nduthi ziko hapo. Na nikiangalia vizuri, hicho kiti bado kiko. Nyumba za Gitothua zina tiles na Wi-Fi na hicho kiti kiko ndani. Kinavutwa na watu wanaotupenda, wanaotutumia mboga.

Mama mkwe alipiga tena wiki iliyofuata. Tukaongea mvua, tukaongea Kevo. Halafu: "Sasa Ciru, umefikiria? Umejua ni nini ulifanya?"

"Nimefikiria, Mum," nikasema. "Sikufanya kitu."

"Haiwezi kuwa hakuna kitu."

"Hakuna. Hata kidogo."

Akangoja. Alikuwa ananipa nafasi nitafute, na nilisikia mkono wangu ule wa zamani, wa miaka tisa, ukitaka kuinuka uonyeshe kule kwa mikonge. Nikaushikilia chini. Tulikaa hivyo, yeye akingoja, mimi nikinyamaza, mpaka yeye ndiye akasema mtandao ni mbaya.